Uvimbe wa mtoto: Kinachoua ni kuchelewa, si sindano

Miezi mitano iliyopita, Jumapili asubuhi, nilikuwa naanika nguo simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, anapiga kutoka kijijini. Nikashtuka kidogo, kwa sababu Jumapili muda huo huwa kanisani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unayeandika habari za hospitali gazetini? Basi leo nisaidie mimi.”

Mjukuu wake wa miaka sita, mtoto wa dada yangu, alikuwa na uvimbe kwenye paja la kushoto. Ulianza mdogo kama korosho, na miezi mitatu baadaye ukawa kama chungwa dogo. Haukuwa ukimuuma. Mtoto alikuwa anacheza mpira na kula vizuri, ndiyo maana hakuna aliyeona haraka. Hospitali ya wilaya walimpiga ultrasaundi, kisha wakaandika rufaa aende hospitali kubwa akatolewe kinyama kwa sindano, kikapimwe.

“Sasa hapa kila anayeingia ananiambia nisithubutu,” alisema. “Wanasema uvimbe ukiguswa na chuma unaamka, unasambaa mwili mzima. Unamkumbuka mtoto wa jirani? Alichomwa hiyo hiyo sindano, hakumaliza miezi miwili. Niambie ukweli mwanangu, tumpeleke au tumwache?”

Nilimwomba anipe siku mbili. Nilikuwa na la kumjibu, lakini mtoto ni wa damu yangu, na sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Nilikwenda kuzungumza na daktari wa upasuaji wa watoto na mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwenye hadubini. Safu ya leo ni majibu niliyompelekea mama mdogo, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Uvimbe mwingi si saratani

Tuanze na habari njema. Madaktari wanaposema tishu laini wanamaanisha misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na vingine vinavyoushikilia mwili ukiacha mifupa. Uvimbe mwingi unaoota huko kwa watoto si saratani.

Unaweza kuwa mafuta yaliyojikusanya au kifuko cha maji. Unaweza kuwa mishipa ya damu iliyoota kwa wingi sehemu moja, ambayo kwa mtoto mchanga huonekana kama alama nyekundu, hukua miezi ya mwanzo na baadaye mara nyingi hunywea yenyewe. Unaweza kuwa tezi iliyovimba kwa maambukizi au kwa kifua kikuu, hasa shingoni. Unaweza pia kuwa jipu lililojificha ndani ya msuli, ambalo katika nchi za joto kama zetu huonekana mara kwa mara.

Uvimbe wa saratani ni mchache. Saratani ya tishu laini huitwa sakoma, na kwa watoto inayoongoza ni rabdomiosakoma. Huanza kwenye seli zinazofanana na seli za misuli ambayo haijakomaa. Huweza kuota karibu na jicho, shingoni, kwenye kibofu cha mkojo, sehemu za siri, mikononi au miguuni.

Shida ni kwamba kwa macho na kwa kuminya na vidole, uvimbe wa aina hizi huweza kufanana. Wazazi wengi hupima kwa maumivu: kama haumi, si kitu. Kipimo hicho kinadanganya. Jipu linauma na linatibika, wakati sakoma inaweza kukaa miezi bila kumuuma mtoto.

Mpeleke mtoto hospitali mapema kama uvimbe unakua wiki hadi wiki, umezidi sentimita 5, yaani karibu upana wa vidole vitatu vya mtu mzima, ni mgumu, umezama ndani na hausogei ukiusukuma, au uliwahi kukatwa na sasa umerudi. Usisubiri dalili zote zitimie, moja inatosha.

Kwanza jina, ndipo tiba

Mama mdogo aliniuliza jambo ambalo wengi huuliza: “Kama wanaona ni uvimbe, si wautoe tu? Kinyama cha nini?”

Jibu ni kwamba kila uvimbe una tiba yake, na jina lake halipatikani kwa kuutazama. Ultrasaundi, kipimo cha CT na MRI huonyesha uvimbe ulipo, ukubwa wake na umegusana na nini. Mara nyingi havitoshi kusema ni wa aina gani.

Hata kwenye hadubini kazi si nyepesi. Saratani kadhaa za watoto huonekana kama seli ndogo za duara zilizobanana kama punje za ulezi. Rabdomiosakoma huwa hivyo, limfoma huwa hivyo, na zipo nyingine. Mtaalamu huongeza rangi na kemikali maalumu zinazoshika protini fulani ndani ya seli. Seli zikionyesha protini za misuli, jina linaelekea kwenye rabdomiosakoma. Zikionyesha alama za seli za kinga ya mwili, linaelekea kwenye limfoma. Dawa za hawa wawili si zile zile.

Somo hili lilijifunzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliandika kuhusu watoto waliokuwa na uvimbe mkubwa kwenye taya. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kisu, lakini aliona kisu hakiwasaidii watoto wale. Walipopewa dawa za saratani, uvimbe ulinywea haraka, na baadhi yao wakapona. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku chache tu. Mtoto wa namna hiyo akipelekwa kukatwa kwa sababu hakuna aliyeuliza jina la uvimbe, anapoteza muda ambao hana.

Sindano zenyewe ni zipi?

Zipo za aina mbili, na ni vizuri mzazi ajue mtoto wake anafanyiwa ipi.

Ya kwanza ni sindano nyembamba, inayofanana na ya kutolea damu. Inaingizwa kwenye uvimbe na kunyonya seli chache, ambazo hupakwa kwenye kioo na kutazamwa. Ni ya haraka na ya gharama nafuu. Inafaa sana kwa tezi zilizovimba. Kinachonyonywa kinaweza kuwa usaha, na hapo ikajulikana ni jipu. Kinaweza pia kupimwa kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert. Udhaifu wake ni kwamba inaleta seli zilizotawanyika, hivyo kwa sakoma mara nyingi haitoshi kutoa jina kamili.

Ya pili ni sindano nene kidogo yenye kijembe ndani. Hii hukata kinyama chembamba kama kipande kifupi cha tambi, chenye urefu wa sentimita moja au mbili. Huchukuliwa vipande kadhaa. Kwa kuwa kinyama kinatoka kikiwa kizima, mtaalamu anaona jinsi seli zilivyopangana na anabaki na cha kutosha kwa vipimo vya ziada. Kwa uvimbe unaoshukiwa kuwa sakoma, hii ndiyo inayotumika zaidi siku hizi mahali palipo na wataalamu. Mara nyingi inamwepusha mtoto na upasuaji wa kufungua, ambao unaacha kidonda kikubwa na huchukua muda kupona.

Je, sindano inasambaza saratani?

Hapa ndipo penye hofu ya mama mdogo, na sikutaka kuipuuza. Aliyeona mtoto wa jirani akifa baada ya sindano hawezi kuambiwa tu kuwa ni imani potofu, kisha akaridhika.

Saratani haisubiri chuma ili isambae. Husafiri yenyewe kupitia damu na mishipa ya limfu, na hufanya hivyo hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuguswa. Uwezekano wa sindano kuacha seli kwenye njia iliyopita upo, lakini ni mdogo sana, na madaktari wanaujua. Ndiyo maana sindano hupitishwa mahali palipopangwa na daktari atakayefanya upasuaji baadaye, ili ikihitajika njia hiyo iondolewe pamoja na uvimbe.

Upo pia uvimbe ambao madaktari wenyewe hawauchomi. Saratani ya jicho ya watoto, retinoblastoma, haichomwi sindano kabisa kwa sababu inaweza kutoka nje ya jicho. Kwa uvimbe wa figo wa watoto, madaktari wengi huanza dawa kwa kutegemea picha na umri wa mtoto. Kwa hiyo daktari anayeagiza sindano kwenye uvimbe wa paja hajasahau hatari. Ameipima, akaona kutojua ni hatari kubwa zaidi.

Sasa turudi kwa mtoto wa jirani. Namkumbuka. Uvimbe wake ulikuwa begani, na ulikaa karibu mwaka. Ulikandwa kwa maji ya moto, ukachanjwa chale, ukapakwa dawa. Halafu kituo kimoja cha afya kikaukata kikidhani ni jipu. Kilichotoka kilitupwa, hakikwenda maabara. Miezi minne baadaye ulirudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo. Alipofika kwenye sindano, picha ya kifua ilionyesha ugonjwa umeshaingia kwenye mapafu.

Kijiji kizima kilihesabu ile miezi miwili baada ya sindano. Hakuna aliyehesabu ule mwaka kabla yake.

Kisu cha haraka ndicho cha kuogopa

Kama kuna chuma cha kuogopa kwenye hadithi ile, basi ni kile kilichoukata uvimbe kabla jina lake halijajulikana.

Sakoma ikikatwa bila kupangwa, mara nyingi mabaki hubaki, mipaka yake huvurugika, na daktari wa saratani anayekuja baadaye hulazimika kukata eneo kubwa zaidi. Mguu ambao ungebaki unaweza kupotea. Uvimbe mkubwa wa mtoto ukihitaji kukatwa, ni haki yako kuuliza kwanza: umepimwa? Na kitu chochote kinachokatwa mwilini mwa mtoto kiende maabara, hata kama kila mtu chumbani anaamini ni mafuta.

Siku ya kipimo

Kabla ya siku yenyewe, mtoto hupimwa damu kuona kama inaganda vizuri. Mwambie daktari kama mtoto hutokwa damu kwa muda mrefu akijikata, kama ana selimundu, kama ana mzio, na kama anatumia dawa yoyote, zikiwemo za mitishamba. Hakuna atakayekugombeza kwa kusema ukweli, na ukificha unamhatarisha mtoto.

Mtoto mkubwa anayeweza kutulia hupewa ganzi ya mahali husika. Mdogo hupewa dawa ya usingizi. Kwa usingizi lazima tumbo liwe tupu. Utaratibu wa kawaida ni saa sita bila chakula, saa nne bila maziwa ya mama, na saa mbili bila hata maji. Fuata saa utakazopewa na hospitali yako. Bibi mwenye huruma anayempa mjukuu uji kwa siri alfajiri anaweza kusababisha kipimo kiahirishwe, au mtoto atapike akiwa usingizini na matapishi yaingie kwenye mapafu.

Daktari huelekeza sindano akitazama uvimbe kwenye ultrasaundi, ili akwepe mishipa mikubwa na asichukue sehemu iliyokufa. Kijembe kikikata hutoa mlio mfupi kama wa stepla. Kama mtoto atakuwa macho, mwambie mapema atausikia, maana wengi hushtushwa na mlio kuliko maumivu.

Baada ya hapo hubanwa kwa muda, hubandikwa plasta, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maumivu kidogo na wekundu ni kawaida. Rudi hospitali haraka ukiona damu haikatiki, uvimbe umejaa ghafla, homa, au usaha.

Kinyama kikishatoka

Kinyama kinahitaji kutunzwa vizuri hadi maabara. Kinatakiwa kiwekwe kwenye fomalini mara moja, ndani ya chupa yenye jina la mtoto, umri na mahali kilipotoka. Kikiachwa kikakauka kinaharibika, na mtoto atachomwa tena. Daktari akishuku kifua kikuu, sehemu ya sampuli huwekwa pembeni bila fomalini, kwa sababu fomalini huua vijidudu vinavyotafutwa.

Wakati mwingine familia ndiyo hukabidhiwa chupa iipeleke maabara. Ukikabidhiwa, ipeleke siku hiyo hiyo, hakikisha imeandikwa, na upewe namba ya maabara. Piga picha karatasi ya maombi kwa simu yako.

Majibu ya awali yanaweza kutoka baada ya siku kadhaa, na vipimo vya ziada vikaongeza wiki. Kusubiri huko kunauma. Lakini usikae nyumbani ukidhani watakupigia. Chukua tarehe na namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.

Majibu nayo yasomwe kwa uangalifu. Sindano inaweza kukosa, ikachukua sehemu iliyokufa au kinyama kisichotosha. Karatasi ikisema sampuli haikuonyesha saratani na uvimbe bado unakua, usifunge faili. Rudi uombe kipimo kirudiwe.

Maswali ya kwenda nayo

Ukiingia kwa daktari akili huruka. Andika haya kwenye karatasi:

Mnashuku nini, na kwa nini mnahitaji kinyama?

Ni sindano ya kunyonya seli au ya kukata kinyama?

Daktari atakayemfanyia upasuaji baadaye ameona picha na kukubali mahali pa kuchoma?

Sampuli inakwenda maabara ipi, na nani atanipa majibu?

Majibu yakiwa saratani, tutahamishiwa wapi na lini?

Gharama ni kiasi gani, na kama sina, nimwone nani?

Swali la mwisho usilionee aibu. Hospitali kubwa zina ofisa ustawi wa jamii, na kazi yake ni hiyo. Hapa Tanzania huduma za saratani za watoto zipo Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi, na Muhimbili taasisi ya Tumaini la Maisha imekuwa ikisaidia watoto wenye saratani watibiwe bila malipo. Wazazi wengi huuza shamba au hukata tamaa kabla hawajauliza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona, lakini katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuchelewa kugundua ugonjwa, kuupa jina lisilo lake, na kuacha tiba katikati. Mbili za kwanza ndizo sindano hii inakuja kuziondoa.

Nilimpigia mama mdogo siku ya pili, nikamweleza haya yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwisho akauliza, “Na wakisema ni saratani?”

Nikamwambia, “Mama, kama ni saratani, tayari ipo. Sindano haitaileta. Itatuambia tu tupigane na nani.”

Walikuja Jumatano kwa basi la usiku, yeye na dada na mtoto. Majibu yalichukua wiki mbili na siku tatu. Ilikuwa rabdomiosakoma. Picha ya kifua ilikuwa safi, mapafu hayajaguswa. Dada alilia, mimi nililia chooni ili mtoto asinione. Wiki iliyofuata alianza dawa. Bado anaendelea nazo, nywele zimetoka, siku nyingine hataki kula, na upasuaji uko mbele. Siwezi kukuahidi mwisho wake, msomaji. Ninachojua ni kwamba uvimbe umepungua, na alama ya sindano pajani ni ndogo kuliko kovu la chanjo begani mwake. Juzi nilimwomba anionyeshe, ikabidi aitafute.

Wiki iliyopita mama mdogo alipiga tena, safari hii akiwa kijijini. Kulikuwa na sauti ya mwanamke mwingine pembeni yake.

“Mwanangu, nimekuletea mama mwenzetu. Mtoto wake ana kitu shingoni, mwezi wa pili sasa, na wameshamwambia asikiguse. Mimi nimeshamweleza ya kwangu. Hebu na wewe zungumza naye.”